Primeri ni bure, na kisha?

Kila mwezi wa tisa tunaona jambo lilelile. Mabinti waliomaliza primeri huku Namoya na Salamabila, wengine na pointi kupita kaka zao, wanabaki nyumbani. Kaka anafunga mzigo kwenda Kasongo. Binti anapewa beseni ya mandazi auzishe kwenye njia ya machimbo.

Sisi wa sendika tumeuliza wazazi. Hawakatai masomo, hapana. Wanahesabu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema primeri ya serikali ni bure, na tangu 2019 jambo hilo lilianza kutumika. Lakini ubure unakoma kwenye mlango wa sekondari. Pale kuna minervali, yunifomu, daftari, na makuta mengine yasiyokuwa na jina. Miaka 2 ya darasa la 7 na la 8, halafu 4 ya humanite mpaka Eksetat. Miaka 6! Nani kati yetu anajua shimo lake litatoa nini mwezi ujao?

Na feza si yote. Lisee ya wasichana iko Kasongo mjini, sisi tuko Kabambare. Njia mnaijua: mvua ikinyesha, pikipiki ndiyo inabebwa. Bila interna, binti analala wapi? Kwa shangazi kuna maji ya asubuhi na moto wa jioni, kitabu anakifungua wakati taa imekwisha mafuta. Wengine wanapanga chumba wao kwa wao, bila mkubwa.

Sheria ya familia, ilivyorekebishwa 2016, inasema ndoa ni miaka 18, kwa binti kama kwa kijana. Lakini baba mwenye deni la negosia akiletewa mahari ya dhahabu, sheria inabaki Kinshasa.

Sheria ya madini ya 2018 inatoa 15% ya redevansi ya makampuni kwa sekta na sheferi zenye mgodi. Tunadai sehemu yake ijenge nyumba ya kulala wasichana.

Tusijifiche lakini. Kasa yetu inatoa feza ya matanga siku ileile, bila swali. Mama mmoja alipoomba tumkopeshe minervali ya binti yake, tulipiga kura, tukakataa. Yule binti leo ana mtoto wa pili.

Jumapili tunakutana tena kwa jambo hili. Ma-PDG wa mashimo waje, na akina mama pia, maana mara ile hatukuwaita.