Mvua Ikipotea Njia, Nani Hulaumiwa?



Yanapotajwa mabadiliko ya tabianchi na vita, sisi watu wa Pwani hukumbuka Delta ya Mto Tana, ambako tangu Agosti 2012 hadi mwanzoni mwa 2013 wafugaji na wakulima walipigana, na watu zaidi ya mia moja wakafa. Malisho na maji yalikuwamo katika ugomvi ule. Siasa nayo ilikuwamo.

Leo twendeni mbali na ukame, hadi Mosocho, karibu na mji wa Kisii. Huko kuna vilima vya kijani, migomba na majani chai, na mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Mgeni kutoka Kilifi atadhani nchi hiyo haina cha kugombaniwa. Lakini ardhi ni finyu: hesabu ya watu ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 900 katika kila kilomita ya mraba ya kaunti ya Kisii. Shamba la babu limegawiwa wana, kisha wajukuu, hata limebaki kipande cha kuzunguka nyumba.

Jamaa wanaoishi hivyo hawana akiba ya msimu mbaya. Mvua ikichelewa, mbegu hupotea. Ikija kwa kishindo, huteremka mlimani na udongo wenye rutuba, wala haipenyi ardhini kulisha chemchemi. Chemchemi ikidhoofika, foleni ya mitungi hurefuka, na wasimamao foleni ni wanawake na mabinti. Aliyepanda mikaratusi bondeni ategemea mbao zake kwa karo za watoto. Jirani yake alalamika kuwa miti hiyo yanywa maji ya wote. Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Agizo hilo halikuondoa haja ya karo.

Ugomvi wa namna hii hauna bunduki wala mpaka wa kabila. Hukaa baina ya ndugu na ndugu, shemeji na mjane. Na hofu ikizidi, hutafuta mtu wa kulaumiwa.

Mtaalamu wa uchumi Edward Miguel alichunguza vijiji vya Meatu, Tanzania, akachapisha utafiti wake mwaka 2005. Aligundua kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko makubwa, mauaji ya watu walioitwa wachawi yaliongezeka takriban maradufu. Wengi waliouawa walikuwa wanawake wazee, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao.

Oktoba 2021, huko Marani, si mbali na Mosocho, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma za uchawi. Hatusemi kwamba mvua ndiyo iliyowaua. Waliowaua ni watu. Lakini twaona jinsi dhiki inavyoweza kumwelemea asiye na nguvu, hasa akiwa ameketi juu ya kipande cha ardhi kinachotamaniwa.

Nasi wa Pwani tusijione salama. Kilifi yetu imewazika wazee wengi waliouawa kwa tuhuma hiyo hiyo, na aghalabu nyuma yake kulikuwa na shamba.

Basi amani katika zama hizi za mvua isiyotabirika yajengwa wapi? Yajengwa chemchemini, kwa zamu zilizokubaliwa na miti ya asili iliyopandwa badala ya mikaratusi. Yajengwa katika urithi: mjane na binti wapewe haki yao mapema, mbele ya mashahidi, kabla njaa haijawa hakimu. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, yataka ubaguzi wa kijinsia katika ardhi ukomeshwe, na yahimiza jamii zitatue migogoro ya ardhi kwa njia zao zinazokubalika. Sayyidna Uthman bin Affan alinunua kisima cha Ruma pale Madina, akawaachia watu wote wateke bure. Alijua kuwa maji ya mtu mmoja ni chuki ya wengi.

Na yajengwa katika ndimi zetu. Msimu ukiharibika, neno moja la umbeya juu ya bibi aishiye peke yake laweza kuwa hukumu ya kifo. Akina mama, neno hilo likifika barazani, lisipite. Na jioni hiyo hiyo, mpelekeeni bibi huyo chakula, watoto wenu wakiona.

Mwenyezi Mungu atujaalie mvua ya kheri na nyoyo za huruma. Amin.