Floraidi ya Kisimani na Floraidi ya Waya za Meno

Swali halibadiliki: maji yetu yana floraidi na yameshatutia meno ukahawia, sasa kijana akifungwa waya apakwe nyingine ya nini? Mzazi wa Kondoa, kama wa kanda yote ya kati, ana sababu ya kuyashuku maji. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, ilhali Shirika la Afya Duniani linakomea 1.5. Lakini ukahawia ule huingia jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, kwa floraidi iliyomezwa. Kijana wa miaka 13, gamba la meno yake ya mbele lilishakomaa zamani. Hakuna gundi ya waya wala dawa ya meno itakayolirudisha kiwandani. Kinachomkabili ni utando wa bakteria unaoganda kuzunguka vishikizo vya waya. Tindikali yake huyeyusha madini ya jino, na doa jeupe laweza kutokea ndani ya mwezi mmoja. Floraidi kidogo inayokaa mdomoni muda wote ndiyo inayosaidia madini hayo kurudi.

Basi maji yetu yatosha, hujibiwa. Hayatoshi: hupita mdomoni upesi, na jino lililoathirika sana na floraidi huwa na vitundu, humeguka, wala halina kinga dhidi ya kuoza. Tena tupime hofu yenyewe. Dawa ya meno ya ukubwa wa punje ya njegere ina floraidi isiyofika nusu miligramu, na hutemwa. Lita ya maji yenye miligramu 4 humezwa yote. Kusugua madoa kwa ndimu ni kuongeza tindikali juu ya tindikali, na mkaa hukwangua gamba lililokwisha kulainika. Acheni kabisa.

Na gundi za waya? Saruji ya glasi (glass ionomer), mojawapo ya gundi hizo, hutoa floraidi nyingi siku za mwanzo, kisha hupungua na kujazwa upya na dawa ileile ya meno mnayoikwepa. Hushika hafifu kuliko gundi ya resini, hivyo hufaa zaidi kwa pete za magego. Vanishi ya floraidi ya sodiamu ya asilimia 5 hupakwa kliniki kila baada ya miezi michache. Nyumbani, mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, tema, usisuuze. Anayehitaji kulindwa na maji ni mdogo wake aliye chini ya miaka minane: mpeni ya mvua iliyokingwa kwa usafi, maana kuchemsha hakuondoi floraidi.