Tori Bowie: Bingwa wa Dunia Aliyefariki Akijifungua

Tarehe 6 Agosti 2017, mjini London, wanawake wanane walikimbia fainali ya mita 100 ya ubingwa wa dunia. Zilipobaki hatua chache, Marie-Josée Ta Lou wa Ivory Coast ndiye aliyekuwa mbele. Hapo dada mmoja wa Kimarekani alijirusha kwa kifua, akavuka mstari na kuanguka. Ilibidi picha itazamwe ili mshindi ajulikane. Dada yule alikuwa ametumia sekunde 10.85, na mwenzake 10.86. Jina lake Frentorish Bowie, ila watu walimwita Tori.

Hata miaka sita haikupita. Tarehe 2 Mei 2023 alikutwa amefariki nyumbani kwake karibu na mji wa Orlando, jimbo la Florida. Alikuwa na umri wa miaka 32 na mimba ya miezi kama minane, na uchungu ulikuwa umeshaanza. Alikuwa peke yake. Mtoto wake wa kike naye hakupona.

Mama msomaji, mwanamke huyu anastahili kukumbukwa kwa mbio zake. Anastahili pia kukumbukwa kwa namna ambayo itawasaidia mama wengine kubaki hai.

ALILELEWA NA BIBI

Tori alizaliwa tarehe 27 Agosti 1990 katika jimbo la Mississippi, akakulia kijiji cha Sand Hill. Akiwa mtoto mdogo aliwekwa chini ya malezi ya watu wengine. Bibi yake hakukubali wajukuu wapotee. Alimchukua Tori pamoja na mdogo wake, akawalea mwenyewe.

Shuleni Tori alipenda mpira wa kikapu kuliko riadha, lakini miguu yake haikufichika. Alipata nafasi katika Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, na mwaka 2011 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani katika kuruka mbali, ndani ya ukumbi na nje uwanjani.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alipata medali tatu: fedha katika mita 100, shaba katika mita 200, na dhahabu katika mbio za kupokezana vijiti za mita 100 mara nne. Dhahabu hiyo ina kisa chake. Katika mchujo, Allyson Felix alisukumwa na mkimbiaji wa timu nyingine na kijiti kikaanguka. Baada ya rufaa, Wamarekani waliruhusiwa kurudia, wakikimbia peke yao kushindana na saa tu. Walifuzu, wakapangwa njia ya kwanza, na Tori ndiye aliyepokea kijiti cha mwisho akakifikisha.

Timu ile ilikuwa na wanawake wanne. Watatu kati yao walikuja kupata matatizo makubwa ya ujauzito. Felix alipanda presha mwaka 2018 akafanyiwa upasuaji wa haraka, mimba ikiwa na wiki 32; mama na mtoto walipona. Tianna Bartoletta alijifungua mtoto njiti. Tori hakurudi.

KIFAFA CHA MIMBA

Ripoti ya uchunguzi wa mwili ilisema Tori alifariki kutokana na matatizo ya uzazi, na ikataja kifafa cha mimba na shida ya kupumua kuwa mambo yaliyowezekana kuchangia.

Ugonjwa huu humpata mama baada ya wiki ya 20 ya ujauzito. Chanzo chake kinahusiana na kondo la nyuma, ambalo mishipa yake ya damu haikujengeka sawasawa. Presha ya mama hupanda, figo na ini huumia, protini huonekana kwenye mkojo. Ukifika kwenye ubongo, mama hupata degedege na kupoteza fahamu. Unaweza kutokea kabla ya kujifungua, wakati wa uchungu, au hata siku na wiki kadhaa baada ya kujifungua.

Walio katika hatari zaidi ni wenye mimba ya kwanza, wenye mapacha, wenye kisukari au presha, na waliowahi kuupata zamani. Lakini mwili wenye nguvu si kinga. Bingwa wa dunia ana misuli na mapafu kutuzidi sote. Wala si ugonjwa wa nchi maskini tu: huko Marekani, wanawake weusi hufa kwa sababu za uzazi karibu mara tatu kuliko wanawake wazungu.

USISUBIRI KESHO

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona haya:

– Kichwa kinauma sana na hakitulii.
– Macho yanaona ukungu au vimulimuli.
– Maumivu juu ya tumbo, chini ya mbavu za kulia.
– Uso na mikono kuvimba ghafla.
– Kupumua kwa shida.

Wengine hawasikii lolote, na presha imeshapanda. Ndiyo maana kipimo cha presha na cha mkojo visikosekane kila unapokwenda kliniki. Ukimaliza kupimwa, uliza namba zako. Zikifika 140 kwa 90, usiondoke bila maelezo. Zikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura.

Dawa ipo. Sindano ya magnesiamu salfeti huzuia na kutuliza degedege. Lakini hupatikana kwenye huduma ya afya, haipatikani kitandani nyumbani.

Mama akianza degedege, mlaze kwa ubavu wa kushoto, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, na mkimbize hospitali. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Na watu wa nyumbani wasipoteze saa wakidhani ni mapepo.

MAMA MJAMZITO ASIACHWE PEKE YAKE

Tori hakuwa ameonekana kwa siku kadhaa ndipo maofisa wakaenda kumtazama nyumbani kwake. Je, kwenye mtaa wako, nani anaishi hivyo? Pengine ni msichana aliyepanga chumba, mume yuko safarini, mama yake yuko mbali. Pengine ni mkwe wako mwenyewe anayekaa kimya kwa heshima, kichwa kikimpasuka.

Mpitie. Usiishie kumuuliza hali tu, maana atakujibu ni nzuri. Muulize alikwenda kliniki lini na presha ilisemaje. Muulize usiku uchungu ukimjia atamwita nani, na nauli au gari vitatoka wapi. Kama hana jibu, mpangieni pamoja wiki hii, na namba yako ya simu iwe ya kwanza kwenye orodha yake.