Mashahidi wa kukodi

Februari 2011 gazeti la New York Times lilianika kisa cha maduka ya J.C. Penney ya Marekani. Kwa miezi kadhaa, msimu wa Krismasi ukiwemo, tovuti yao ilikuwa ikitokea juu kabisa kwenye Google kwa kila aliyetafuta magauni, matandiko au mazulia. Hata aliyetafuta mabegi ya Samsonite aliletewa J.C. Penney kwanza, Samsonite wenyewe wakifuata nyuma. Siri ilikuwa linki: maelfu ya kurasa zisizohusiana na biashara hiyo, nyingine za kamera, nyingine za mbwa, nyingine za kamari, zilikuwa na maneno yaliyobandikwa pembeni kumpeleka msomaji dukani humo. Kampuni ilikana kuiagiza kazi hiyo. Google ilipoingilia kati, kwa yale mabegi tovuti ilikuwa ya 1 saa moja usiku. Ilipofika saa tatu ilikuwa ya 71.

Linki inapiganiwa hivyo kwa sababu ni ushahidi. Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, wakiwa Chuo Kikuu cha Stanford, waliazima desturi ya wanazuoni: makala inayotajwa na wengi huhesabiwa kuwa na uzito, hasa ikitajwa na wenye uzito. Katika hesabu yao ya 1998, ukurasa hugawa heshima yake kwa kila anayetajwa humo. Ukurasa unaoheshimika wenye linki nne humpa kila mmoja fungu nono. Wenye linki mia tatu hugawa makombo, na kama wenyewe hautajwi na yeyote, hata makombo karibu hayapo. Kwa hiyo anayeuziwa linki mia tano kwa bei ya jumla ananunua mashahidi ambao hakimu hawajui. Mwaka 2012 Google ilianzisha mfumo ulioitwa Penguin wa kuwanasa, na kuanzia 2016 Google zaidi huzipuuza linki za aina hiyo kuliko kuadhibu tovuti. Mara nyingi mnunuzi haoni adhabu, ila fedha yake imeyeyuka.

Wapo watakaosema kununua bado kunalipa. Wakati mwingine kunalipa kweli, J.C. Penney walivuna Krismasi nzima. Lakini jina lao lilikuwa kubwa kiasi cha kuvumilia miezi ya kifungo. Kampuni ndogo ya Arusha inayopandisha wageni Kilimanjaro ikipotea Google katika msimu wa kiangazi, haina mteja atakayeikumbuka kwa jina. (Na sisi wa magazeti tusicheke: mwaka 2013 kampuni ya maua ya Interflora ilipotoweka Google nchini Uingereza, kidole kilinyooshwa kwenye makala za kulipiwa zenye linki ndani ya magazeti ya mikoani.)

Pingamizi zito zaidi ni hili: nani atamtaja asiyejulikana? Tazama kurasa za kampuni hizo za milima. Nyingi zimejaza sifa zilezile, huduma bora, waongozaji wazoefu, na hakuna anayetaja sifa. Lakini ukurasa unaoeleza njia ya Machame siku kwa siku, saa za kutembea, bei ya kuingia hifadhini, na kwa nini siku moja zaidi humsaidia mpandaji kuzoea hewa nyepesi kabla ya mita 5,895, huo mwandishi wa safari aliyeko Ujerumani atauelekezea wasomaji wake ili asilazimike kueleza upya. Kazi hiyo ni ya polepole, na si kila ukurasa mzuri utaonekana. Ndiyo maana inafaa kuanza na linki zilizopo tayari: hoteli mnazopelekeana wageni, chama ambacho kampuni ni mwanachama, na tovuti zinazoelekeza kwenye ukurasa uliohamishwa mwaka juzi. Google huonesha bure orodha ya wanaoitaja tovuti yako. Humo mara nyingi utakuta mtu wa maana amekutaja, na wasomaji wake wanaobofya wanakuta ujumbe kwamba ukurasa haupo, kosa ambalo fundi wa tovuti hulirekebisha kwa dakika chache.