Kobe wa msituni akiletwa Goma ao Bukavu: wiki za kwanza ndizo zinaamua kama ataishi

Kwenye barabara zinazotoka Walikale kuelekea Goma, na zile zinazotoka upande wa Shabunda kuelekea Bukavu, kobe husafiri pamoja na mawese, makala na ndizi. Wengi wao wanaishia ndani ya chungu. Wachache wananunuliwa na jamaa fulani kwa ajili ya watoto, ao wanaletwa na ndugu aliyetoka kijijini kama zawadi. Wanaingizwa ndani ya kiwanja, wanapewa jina, majirani wanakuja kuwatazama. Kiisha mwezi mmoja ao miwili, kobe anakutwa amekufa pembeni ya ukuta, na watu wa nyumba wanasema alikuwa mzee.

Mara nyingi hakuwa mzee. Alikuwa na kiu, baridi na woga toka siku ya kwanza, lakini hakuna aliyeona. Mbuzi akiwa na njaa analia, mbwa akiumia anapiga kelele. Kobe ananyamaza. Anajifungia ndani ya gamba lake, na watu wanafikiri ametulia. Ndiyo sababu kumzoeza makao mapya ni kazi ya kutazama vitu vidogo, tena mapema.

Kobe gani huyu?

Kobe wengi wa nchi kavu wanaoonekana mashariki mwa Kongo ni wa jamii moja ambayo wataalamu wanaiita Kinixys. Alama yao ni rahisi kuitambua: gamba la mgongo lina bawaba kama mlango. Akiogopa, sehemu ya nyuma inashuka na kufunika miguu na mkia. Kwa watoto wa kobe bawaba hiyo haijaonekana, inakuja wakikua.

Yule wa msitu mkubwa, kuanzia Tshopo na Maniema hadi Walikale, ni Kinixys erosa. Ana rangi ya kahawia iliyochanganyika na njano, na ukingo wa gamba lake una meno-meno yaliyopinda juu. Anapenda pahali penye majani yaliyooza, kivuli na unyevu, na hata kwenye matope ya mabwawa anaingia bila shida. Kule Katanga, kwenye miombo na majani makavu, kuna ndugu yake mwenye gamba bapa zaidi, Kinixys spekii, aliyepewa jina la Speke, yule Mwingereza aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858.

Kujua kobe ametoka wapi ni hatua ya kwanza, kwa sababu wa msituni na wa miombo hawatunzwi namna moja. Yule wa msitu akiachwa juani, kwenye udongo mkavu, anakauka upesi.

Kabla ya kumnunua

Kuna swali ambalo linatangulia yote: je, huyu kobe alipaswa kuondolewa alikokuwa? Katika bonde la Kongo kobe wanawindwa kwa ajili ya nyama, nao wanazaa polepole. Kila mnunuzi anayelipa pesa njiani anampa mwindaji sababu ya kurudi msituni kutafuta mwingine, hata kama mnunuzi huyo alikuwa na huruma na alitaka kumwokoa mnyama kwenye chungu.

Sheria nayo ipo. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 ndiyo inayoongoza ulinzi wa viumbe vya asili katika inchi, na taasisi ya ICCN ndiyo yenye kazi hiyo. Kongo ni mwanachama wa mkataba wa CITES toka mwaka 1976, na jamii yote ya kobe wa nchi kavu imo kwenye orodha za mkataba huo. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kuvuka mpaka na kobe ndani ya mfuko, iwe kuelekea Gisenyi, Bunagana ao Kasindi, bila kibali. Mwenye kobe aliyepewa ao kumkuta afadhali aulize ofisi ya ICCN iliyo karibu kabla ya kuamua kumweka nyumbani.

Kama kobe amechukuliwa juzi tu, ni mzima, na pahali alipotoka panajulikana, kumrudisha pale pale ndiyo msaada mkubwa kuliko yote. Lakini haifai kumwachilia msitu wowote ule, wala baada ya kumchanganya na wanyama wengine, kwa sababu anaweza kupeleka ugonjwa kwa wenzake. Kumtupa katika Ziwa Kivu pia si kumrudisha kwao. Yeye ni mnyama wa msituni, si wa ziwa.

Kutoka joto la Kindu hadi baridi ya Kivu

Kindu na Kisangani ziko kwenye kimo cha mita 400 hadi 500 hivi juu ya bahari. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500. Mwanadamu akipanda huko anavaa koti. Kobe hana koti, na mwili wake hauwezi kujitengenezea joto. Unafuata joto la pahali alipo. Usiku wa baridi unapomkuta kwenye simenti tupu, tumbo lake linaacha kusaga chakula na mapafu yanaanza kushikwa.

Kwa hiyo muda wa wiki za kwanza, usiku ni heri alale ndani ya nyumba, katika kartoni kubwa ao sanduku la mbao lenye majani makavu mengi ya kujifunika. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuzungushiwa kitambaa, ikiwekwa upande mmoja wa sanduku, inasaidia hata siku ambayo umeme umekatika. Aachiwe nafasi ya kusogea mbali nayo akiona joto limezidi. Kumweka karibu na jiko la makala si dawa: moshi unaumiza mapafu yake, na chumba kilichofungwa ni hatari kwa watu pia.

Mchana anahitaji pembe yake ndani ya kiwanja. Goma ina shida yake ya pekee: viwanja vingi viko juu ya mawe ya volkano. Mawe hayo meusi yanashika joto kali saa sita, na ncha zake zinakata nyayo na tumbo. Inatakiwa kumwaga udongo mlaini juu yake, kiasi cha kobe kuweza kujichimbia, kisha majani ya migomba yaliyokauka, na kupanda ao kuweka kitu chenye kivuli. Udongo umwagiwe maji kidogo kila siku ili unyevu usiishe.

Apate pia pahali pa kujificha: kipande cha mti chenye uwazi, chungu kilichovunjika kilicholazwa upande, ao sanduku lenye mlango mdogo. Watu wengi wanamnyima kitu hiki kwa sababu wanataka kumwona. Lakini kobe asiye na pa kujificha hapumziki hata dakika moja.

Siku za kwanza atatembea kandokando ya uzio bila kuchoka, akisukuma kwa kichwa. Anatafuta njia ya kurudi kwao. Uzio wa waya unamchosha zaidi, maana anaona nje na anafikiri anaweza kupita. Mbao ao mabati yanayoziba macho yake yanamtuliza. Uzio uingie ndani ya udongo kidogo, kwa sababu anajua kuchimba, na uwe imara kwa ajili ya mbwa. Usiku panya nao ni adui.

Maji kwanza, chakula baadaye

Kobe anayeuzwa njiani amekaa siku kadhaa ndani ya mfuko ao amefungwa kamba, bila tone la maji. Kitu cha kwanza akifika si majani. Ni beseni lenye maji ya uvuguvugu, yasiyopita kidevu chake, ambamo anawekwa dakika 15 hadi 20 huku mtu akimwangalia. Wengi wanainamisha kichwa na kunywa kwa muda mrefu. Wengi pia wanakojoa humo humo, kwa hiyo maji yamwagwe mbali na vyombo vya kupikia. Afanyiwe hivyo kila siku wiki ya kwanza, kisha mara mbili ao tatu kwa wiki.

Pamoja na mkojo hutoka kitu cheupe. Kikiwa laini kama uji, hakuna shida. Kikiwa kigumu, chenye punje kama mchanga, mwili umekauka na maji lazima yaongezwe. Nyumbani kwake pia iwekwe sahani pana isiyo na kina, yenye maji safi kila asubuhi.

Anakula nini?

Hapa ndipo wengi wanakosea. Kobe wa msituni hali majani peke yake. Kule kwao anaokota matunda yaliyoanguka, uyoga, konokono, minyoo na jongoo. Mjini anaweza kupewa papai, ndizi mbivu, mapera, uyoga unaouzwa sokoni kwa ajili ya watu, lengalenga, matembele na majani ya maboga, pamoja na minyoo ya udongo ao konokono mara kwa mara. Konokono wasitoke kwenye bustani iliyopuliziwa dawa. Maganda ya mayai yaliyosagwa kuwa unga, yakinyunyizwa juu ya chakula, yanalinda gamba lisiwe laini.

Asipewe fufu, mkate, wali, maziwa wala mabaki ya mezani yenye chumvi na mafuta. Majani mabichi ya muhogo yana sumu, ile ambayo akina mama wanaiondoa kwa kutwanga na kupika sombe muda mrefu. Kobe hawezi kuipika. Avoka pia iachwe, pamoja na majani na maganda yake.

Asipokula siku tatu za kwanza, haifai kumlazimisha kwa kumfungua mdomo. Kobe wa jamii hii ni mwoga, anaweza kukaa siku nyingi bila kugusa kitu. Chakula kiwekwe asubuhi mapema ao jioni karibu na maficho yake, kisha watu waondoke. Siku ya mvua ndogo ni siku nzuri kwake: mvua ndiyo inayomtoa nje msituni, na mara nyingi ndiyo siku anayokula kwa mara ya kwanza.

Si mpira wa watoto

Gamba si nyumba ambayo kobe ameibeba. Ni mifupa yake mwenyewe, imeungana na uti wa mgongo na mbavu, ina damu na inasikia maumivu. Ile desturi ya kutoboa tundu pembeni ya gamba ili kupitisha kamba ni sawa na kutoboa mfupa wa mtu, na kidonda hicho kinaingiza uchafu. Kupaka rangi juu ya gamba nako ni kubaya.

Watoto wanaweza kushiriki kwa njia nyingine: kubadilisha maji, kukusanya majani, kuandika kila siku amekula nini. Kumwinua, kumgeuza chali na kumpitisha mkono kwa mkono kungoje. Wiki mbili za kwanza aguswe tu wakati wa kuogeshwa. Na kama nyumbani kuna kobe mwingine, wakae mbalimbali kwa miezi kadhaa. Mgeni kutoka msituni huwa na minyoo ya tumboni, na madume wakikutana wanapigana.

Kila anayemgusa, ao kugusa maji yake, anawe mikono kwa sabuni. Kobe mzima kabisa anaweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoleta kuhara na homa, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Wakaaji wa Kivu walizoea ndoo ya maji na sabuni mlangoni wakati wa Ebola, kati ya mwaka 2018 na 2020. Ndoo hiyo hiyo inafaa karibu na makao ya kobe.

Alama zisizongoja

Kobe mwenye afya ni mzito mkononi, macho yake yako wazi, na akiguswa anarudisha miguu kwa nguvu. Mapovu puani, kupumua mdomo wazi, macho yaliyovimba ao kuingia ndani, gamba linalobonyea, minyoo kwenye kinyesi, ao wiki mbili bila kula: hizo ni alama za kumtafuta mganga wa mifugo. Wengi wao wamezoea ng'ombe na mbuzi, lakini wanaweza kutambua minyoo na ugonjwa wa mapafu. Dawa ya mbuzi isitolewe kwa kukisia. Kuna dawa ya minyoo iitwayo ivermectin, inayotumiwa sana kwa mifugo, ambayo inaua kobe.

Akipita miezi hiyo ya kwanza, anaanza kujua sauti ya sahani, anatoka peke yake asubuhi, anaacha kusukuma uzio. Toka hapo anaweza kuishi miaka mingi, pengine mpaka mtoto aliyeletewa zawadi awe na watoto wake. Jamaa inayomchukua inachukua kazi ya muda huo wote, kwa hiyo afadhali iulizane mapema, kabla pesa hazijatoka mfukoni, nani ataendelea kumwekea maji.