KIDHIBITI UTHABITI NA DEREVA WA UWANJA WA MBIO: KIZIMWE LINI, KIACHWE LINI?

Miongoni mwa swichi zote zilizomo ndani ya gari la spoti la kisasa, hakuna inayozua ubishi mkali baina ya madereva kama ile yenye mchoro wa kigari kilichoacha nyuma yake alama mbili za tairi zilizopindapinda. Wapo washikiliao kwamba dereva shupavu huizima punde tu aingiapo uwanjani. Wapo pia waapao kuwa kuigusa ni kujitakia mauti. Makala haya yananuia kuonyesha kuwa kambi zote mbili zinalichukulia suala hili kijuujuu, kwa kuwa baina ya kuwasha na kuzima mna viwango kadhaa, na kila kiwango kina jambo la kumfunza dereva na jingine la kumficha.

Tuanze na istilahi, maana Kiswahili bado hakijaafikiana kuhusu majina ya vyombo hivi. Hapa nitaita “kidhibiti uthabiti” kile chombo kinachozuia gari lisizunguke kupita alivyokusudia dereva, au lisikatae kona. “Kidhibiti msukumo” ni ndugu yake, apunguzaye nguvu za injini magurudumu yanapozunguka ovyo bila kushika barabara. Wengi huvichanganya viwili hivi na, kama tutakavyoona, uwanjani mkanganyo huo una gharama.

Kidhibiti uthabiti kilianza kuuzwa mwaka wa 1995, kampuni ya Bosch ilipoiundia Mercedes-Benz mfumo wa ESP. Umaarufu wake ulitokana na aibu: mnamo 1997 gari dogo la Mercedes A-Class lilipinduka nchini Uswidi, waandishi wa jarida la Teknikens Värld walipolijaribu kwa kukwepa kizuizi cha ghafla, nayo kampuni ikalazimika kutia ESP katika kila gari la aina hiyo. Utendakazi wake ni huu. Kihisi kimoja husoma pembe ya usukani, yaani nia ya dereva. Vingine husoma kasi ya kila gurudumu, msukumo wa kando, na jinsi gari linavyozunguka kwenye mhimili wake wima, yaani uhalisi wa mambo. Kompyuta hulinganisha nia na uhalisi mara nyingi katika kila sekunde. Mkia ukianza kuchomoka, hufunga breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona ili kulirudisha gari kwenye mstari. Pua ikikataa kona, aghalabu hufunga gurudumu la nyuma la upande wa ndani. Wakati huohuo hupunguza nguvu za injini.

Hata hivyo, chombo hiki hakina uwezo wa kuongeza mshiko wa tairi hata chembe. Tuchukue kona yenye nusu kipenyo cha mita 50. Ikiwa mshiko wa tairi kwenye lami kavu unalingana na uzito wa gari, kasi ya juu kabisa inayowezekana ni takriban kilomita 80 kwa saa. Mvua ikiupunguza mshiko huo kwa nusu, kikomo hushuka hadi kilomita 56 hivi. Dereva anayeingia katika kona hiyo kwa kilomita 100 anadai mshiko zaidi ya mara moja na nusu ya ule uliopo hata penye ukavu, na hapo kompyuta haina cha kumgawia. Anayeingia uwanjani akidhani swichi hii ni bima ya kila kosa amejidanganya.

Sasa tutazame viwango vyenyewe. Mfano ulio wazi kuliko mingine, kwa maoni yangu, ni wa Chevrolet Corvette, ambayo tangu toleo la ZR1 la 2010 imekuwa na mfumo wenye ngazi tano: ya mvua, ya lami kavu, mbili za spoti, na ya mashindano. Katika ngazi tatu za kwanza vyombo vyote viwili vinafanya kazi, ila hulegezwa kadiri mtu apandavyo. Katika ngazi ya nne na ya tano kidhibiti uthabiti kimezimwa kabisa, na kilichosalia ni kidhibiti msukumo pekee. Ferrari nayo hutumia kitufe cha kuzungusha kilichopo kwenye usukani, kilichoanza na F430 ya 2004, na katika 458 Italia ya 2009 viwango vyake vilitoka mvua, spoti na mashindano hadi kuzima kidhibiti msukumo, kisha kuzima kidhibiti uthabiti. Zingatia tofauti: Corvette huanza kwa kuondoa kidhibiti uthabiti, Ferrari kwa kuondoa kidhibiti msukumo. Dereva aliyezoea gari moja akikabidhiwa jingine bila maelezo yumo hatarini.

Katika Corvette, hatari kubwa imejificha baina ya ngazi ya tatu na ya nne. Kwa macho ni hatua moja tu ya kuzungusha kitufe. Kwa gari ni ulimwengu mwingine. Chukulia dereva aliyeingia kona kwa kasi kidogo kuliko ipasavyo, akaingiwa na hofu, akaachia mafuta ghafla kabla ya kona kuisha. Uzito wa gari huhamia mbele, tairi za nyuma hupungukiwa na mshiko, na mkia huanza kuchomoka. Katika ngazi ya tatu kompyuta hugusa breki ya gurudumu moja, taa ndogo humetameta, na dereva huendelea akidhani ameipita kona hiyo kwa ustadi. Anaweza kulirudia kosa lilo hilo mizunguko ishirini bila kulitambua. Siku atakapopanda ngazi ya nne, mguu wake utafanya yaleyale uliyozoea, na kidhibiti msukumo kilichobaki hakitamfaa, maana kazi yake ni kutuliza magurudumu dereva anapokanyaga mafuta. Huyu ameachia.

Kwa hiyo ile taa isipuuzwe. Ni mwalimu asiyelipwa. Dereva mgeni uwanjani aanze na kiwango cha lami kavu (au cha mvua, kukinyesha), azipe tairi nafasi ya kupata joto, kisha akumbuke ni kona zipi zilizoiwasha taa na mguu wake ulikuwa ukifanya nini wakati huo. Ikiwaka anapotoka konani, pengine amekanyaga mafuta mapema mno au kwa pupa. Ikiwaka anapoingia, kasi imezidi, au usukani umegeuzwa kwa ghafla. Atakapoweza kukamilisha mizunguko kadhaa kwa kasi ileile bila taa kuwaka, ndipo apande ngazi moja. Kuhusu ngazi zisizo na kidhibiti uthabiti, asizijaribu bila mkufunzi kando yake, na kamwe asizijaribu katika mizunguko ya mwisho ya siku, mwili umechoka na tairi zimechakaa.

Breki nazo zina ushuhuda wao. Kwa kuwa kidhibiti hufanya kazi kwa kufunga breki, dereva anayekiamsha katika kila kona huzipasha moto hata pale ambapo yeye mwenyewe hajazikanyaga. Breki zikichemka mno hupoteza nguvu, tena mwishoni mwa njia iliyonyooka, mahali zinapohitajika zaidi.

Mahali pia ni hoja. Uwanja wenye nafasi pana kando ya kona humsamehe anayejaribu. Nürburgring Nordschleife ya Ujerumani, yenye urefu wa kilomita 20.8, haina huruma hiyo: vyuma vya kingo viko karibu na lami karibu kila mahali, na anayeviharibu hutozwa gharama. Sioni sababu ya mgeni kuzima chochote huko. Huku kwetu, swichi hii imo katika magari mengi yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, na barabara zetu si uwanja wa mbio. Pengine mahali pa pekee ambapo dereva wa kawaida ana haja ya kuizima ni matopeni au mchangani, ambapo kupunguzwa kwa nguvu za injini humzuia kujinasua.

Lipo jambo moja linalosahauliwa mapumzikoni. Kwa kawaida gari likizimwa na kuwashwa upya, kidhibiti uthabiti hurejea chenyewe katika hali yake kamili. Sheria za Marekani, zilizokifanya chombo hiki kuwa cha lazima kuanzia magari ya 2012, zinadai hivyo. Aliyekuwa ngazi ya tatu asubuhi huenda akarudi uwanjani mchana akiwa na gari lenye tabia tofauti, pasipo kujua. Basi kabla ya kutoka, na atazame kioo cha mbele ya usukani ajue yuko ngazi gani.