Kijana wa Kaloleni na shahada ya sanaa: gharama ihesabiweje?

Vijijini Kaloleni mtoto hangoji shule imfundishe ngoma. Huikuta nyumbani. Kabla hajajua kuandika jina lake amekwisha kuona mwanzele na gonda, na mguu wake wajua pa kukanyaga. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alipowaamsha Wagiriama wapinge ukoloni, watu aliwakusanya kwa ngoma ya kifudu. Waingereza nao, katika kulipiza kisasi, waliilipua Kaya Fungo mwezi Agosti 1914, na kaya hiyo haiko mbali na mji wa Kaloleni. Hapa, basi, ngoma ni jambo zito tangu zamani.

Hata hivyo, mwambie mzazi wa sehemu hizi kwamba mwanawe ataka kwenda chuo kikuu kusomea muziki, uchoraji au uigizaji, utamwona anavyonyamaza. Wala hatuwezi kumlaumu. Karo hutoka katika nazi na mbuzi, na zisipotosha hutoka katika shamba. Shamba likiuzwa halirudi. Jambo analotaka kujua mzazi huyu ni shahada hiyo itakula kiasi gani mpaka mwisho, na itamfikisha wapi kijana.

Kuna kichekesho kichungu katika habari hii. Vigango, zile nguzo za ukumbusho wanazochongewa marehemu wa chama cha Gohu, viliibwa kwa wingi na kuuzwa ng'ambo. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza kwamba linavirudisha vigango 30. Mgeni alijua thamani ya kazi ya mkono wa Mgiriama, nasi nyumbani bado twauliza kama uchongaji unasomewa.

Unasomewa. Chuo Kikuu cha Kenyatta hutoa shahada za muziki, uchoraji, na tamthilia na filamu. Maseno kuna muziki na sanaa za jukwaani. Chuo Kikuu cha Nairobi kinajulikana kwa usanifu wa michoro na bidhaa, na Kabarak, ambacho ni cha binafsi, kina muziki. Kuingia shahada kwahitaji wastani wa C+ katika mtihani wa sekondari, na nafasi nyingi za vyuo hugawiwa na KUCCPS. Hapo ndipo vijana wengi wa mashambani hukwama, kwa sababu shule zinazofundisha Muziki au Sanaa na Ubunifu hadi kidato cha nne ni chache, na shahada ya muziki mara nyingi humtaka mtu awe amelifanya somo hilo au ana cheti cha muziki kinachotambuliwa. Kijana aweza kuwa mpigaji hodari wa ngoma, akakosa nafasi kwa kutojua kusoma nota. Heri alijue hilo akiwa kidato cha pili kuliko alijue akiwa na matokeo mkononi. Mfumo mpya wa elimu umeipa sanaa na michezo njia yake katika sekondari ya juu, lakini mzazi aulize kwanza kama shule aliyopangiwa mtoto ina mwalimu na ala.

Tuje kwenye fedha. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyefadhiliwa na serikali alilipa Sh. 16,000 kwa mwaka kama karo ya masomo, awe anasomea sanaa au somo jingine. Mambo yalibadilika mwaka 2023. Sasa kila kozi ina gharama yake, na msaada na mkopo wa HELB hutolewa kwa kutazama hali ya nyumbani. Mpango huo umekwisha kufikishwa mahakamani, na karo zimekwisha kurekebishwa, kwa hiyo bei aliyolipa mtoto wa jirani mwaka juzi isikutie moyo wala isikuvunje moyo. Uliza ya mwaka wako, tena ya kozi yako.

Ukishaijua karo, bado hujaijua gharama. Mwanafunzi wa uchoraji hununua rangi, brashi na turubai kila muhula. Wa filamu atatafuta kamera, na wa muziki atataka gitaa lake mwenyewe asije akapanga foleni kwa lile moja la idara. Chumba cha kupanga karibu na Kahawa, kulipo Chuo Kikuu cha Kenyatta, hakilipwi kwa bei ya Kaloleni. Chuo chenye karo ya chini lakini piano zake hazilii na jukwaa lake limegeuzwa stoo ni ghali sana, maana kijana atatoka na karatasi bila kazi ya kuonyesha, na katika sanaa mwajiri hutazama kazi kwanza. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kijana afunge safari akaone. Aingie chumba cha mazoezi, ahesabu ala, awaulize wanafunzi wa mwaka wa tatu wamecheza michezo mingapi mbele ya watu.

Aulize pia kuhusu ualimu. Wazazi wengi hukubali sanaa kwa tumaini kwamba mtoto atakuwa mwalimu, lakini shahada ya muziki na shahada ya elimu yenye muziki ni vitu viwili. Mwenye ile ya kwanza hawezi kusajiliwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu mpaka asomee ualimu baada ya shahada, na huko ni karo nyingine. Kama shabaha ni kufundisha, achague shahada ya elimu tangu mwanzo. Naona hili ndilo kosa linalokula fedha nyingi kuliko yote, nalo huepukwa kwa kuuliza swali moja siku ya kujaza fomu.

Wasiopata C+ wasidhani mlango umefungwa. Tanzania, mjini Bagamoyo, kuna TaSUBa, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Hutoa cheti na diploma, haitoi shahada, lakini ngoma, muziki, maigizo na uchoraji hufundishwa kwa mikono na miguu, katika mji wa pwani ambao kijana wa Kilifi hatajiona mgeni. Huko Kampala, Makerere ilianza kufundisha uchoraji mwaka 1937 chini ya Margaret Trowell, na idara yake ya muziki, dansi na drama ni ya mwaka 1971. Elimo Njau alisomea uchoraji Makerere, kisha mwaka 1965 akashiriki kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa, Nairobi. Anayevuka mpaka aulize kama Mkenya atalipa sawa na mwenyeji au kama mgeni, kwani tofauti yaweza kumaliza faida yote ya kwenda mbali.

Njia ya diploma kwanza, kisha shahada, mimi naipenda kwa mtoto wa nyumba isiyo na fedha. Kijana huanza kufanya kazi mapema, iwe katika kikundi cha ngoma cha hoteli za Malindi au mahali kama Bomas of Kenya, iliyoanzishwa 1971, ambako mchezaji ngoma aliweza kupata mshahara. Lakini diploma hupunguza miaka ya shahada pale tu chuo kikuu kinapokubali kuyahesabu masomo yake. Akubaliwe kwa maandishi kabla hajaanza diploma, na barua hiyo itunzwe pamoja na risiti za karo, kwa sababu karani aliyeahidi kwa mdomo huenda akawa amehamishwa siku kijana atakaporudi kuuliza.